Nani Atalijenga Lango la Jaa?

Sura ya 3 ya kitabu cha Nehemia haisomwi mara nyingi kanisani. Imejaa majina magumu, na msomaji wa zamu akipangiwa sura hiyo hutamani angepangiwa zaburi. Hata hivyo kuna mtu mmoja ndani yake ambaye tungependa kila msharika amfahamu. Ni Malkiya mwana wa Rekabu, mkuu wa mtaa wa Beth-hakeremu. Kuhani mkuu na ndugu zake walijenga Lango la Kondoo. Malkiya yeye alichukua Lango la Jaa, mahali ambapo takataka za Yerusalemu zilitolewa nje ya mji. Kiongozi wa mtaa alishika kazi ya taka, na Maandiko hayakuona aibu kuliandika jina lake.

Kila mwaka tunasikia habari za mikutano mikubwa ya tabianchi, za mabilioni yanayoahidiwa, za malengo ya mwaka 2050. Mambo hayo yana wakubwa wake. Hoja yetu iko karibu zaidi na nyumbani. Halmashauri zetu, ziwe za jiji, manispaa, mji au wilaya, zinaweza kupunguza gesijoto zinazotoka katika maeneo yao kuanzia mwaka wa fedha unaokuja, na pa kuanzia ni jaa na jiko. Vyote viwili viko tayari chini ya mamlaka yao, na tayari vinakula fedha zao. Wanaokosekana ni watu wa kuwadai. Tunasema watu hao ni sisi tunaokaa kwenye mabenchi ya kanisa.

Kwanza kukagua

Kabla Nehemia hajasema neno kwa wakuu wa mji, alitoka usiku na watu wachache akazunguka ukuta. Alipita kwenye Lango la Jaa akaona kwa macho yake palipobomoka na palipoungua. Hakuitisha semina. Alitaka kujua kazi ilivyo.

Halmashauri nyingi hazijafanya hata hilo. Mwulize diwani wako tani ngapi za taka zinazalishwa katika kata yake kwa siku, ngapi zinazolewa, ngapi zinaoza mtaroni. Mwulize shule za halmashauri zinanunua malori mangapi ya kuni kwa mwaka. Mwulize magari na mitambo ya halmashauri inaunguza lita ngapi za dizeli. Risiti zipo kwenye faili la mhasibu, hati za malipo zipo, mizani inaweza kuwekwa getini mwa jaa. Kazi ya kuhesabu haihitaji mtaalamu wa kigeni. Inahitaji karani mwaminifu na mkurugenzi anayetaka kujua.

Tunasisitiza kuhesabu kwa sababu mahali pasipo hesabu hukaa sherehe. Tunaifahamu sherehe yenyewe: mgeni rasmi anafika, miche imepangwa, picha zinapigwa, koleo linarudishwa kwa mwenyewe. Kupanda miti ni jambo jema na tunaendelea kulifundisha Shule ya Jumapili. Lakini mche usiomwagiliwa haufuti moshi wa jaa linaloungua upande wa pili wa mji, na halmashauri inayohesabu miche iliyopandwa bila kuhesabu miche iliyopona inajidanganya yenyewe.

Taka za sokoni

Twende Dar es Salaam, maana ndipo jambo hili linapoonekana wazi zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huo watu 5,383,728. Watu hao wanakula, na chakula chao kinapita sokoni: Mabibo, Ilala, Buguruni, Tandale, Temeke. Jioni soko linapofungwa hubaki maganda ya ndizi, majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka, machungwa yaliyooza. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka zote ni za namna hiyo, vitu vilivyotoka shambani na vinavyoweza kurudi shambani.

Vitu hivyo vikirundikwa na kufunikwa na taka nyingine, hewa haifiki chini. Vijidudu vinavyoishi pasipo hewa huvivunja na kutoa gesi ya methani. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya methani hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Kwa kipimo cha miaka 20 huzidi mara 80. Hiyo ndiyo habari mbaya. Habari njema ni kwamba methani haidumu. Hukaa angani takriban miaka 12, wakati sehemu ya hewa ukaa hubaki kwa karne nyingi. Kwa hiyo anayepunguza methani leo anaweza kuona matunda ya kazi yake kabla mtoto aliyebatizwa mwaka huu hajafika kipaimara.

Na namna ya kuipunguza si siri. Taka za sokoni zikitengwa, zikalazwa kwa mistari na kugeuzwa mara kwa mara ili hewa ipite, zinakuwa mboji na methani inayotoka ni kidogo sana. Manispaa ya Kinondoni imejengewa kiwanda cha mboji huko Mabwepande, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kwa ajili ya taka za masoko. Jina la Mabwepande lina historia inayotuuma. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipolizoa bonde la Msimbazi na kuua watu, familia zilizonusurika zilipelekwa Mabwepande kuanza upya. Yaani mahali palepale walipokimbilia waliofukuzwa na maji ndipo manispaa ilipoanza kufanya jambo moja la kweli kuhusu gesi zinazoiharibu mvua. Hatudai kwamba mafuriko yale yaliletwa na maganda ya ndizi. Tunasema kwamba anayeishi bondeni hana anasa ya kudharau dawa yoyote, hata ikiwa inanuka.

Sasa tuulize: kwa nini kiwanda cha mboji kiwe habari ya kusimuliwa? Uganda, chini ya mamlaka yao ya mazingira na kwa msaada wa Benki ya Dunia, miji kadhaa ilijengewa mitambo ya mboji zaidi ya miaka 10 iliyopita, ikiwamo Mbarara, Jinja, Mbale na Fort Portal. Huko wamejifunza kwamba kujenga si shida kubwa. Shida ni kutenga taka mapema, kabla kioo na plastiki havijachanganyika na maganda, na kupata wakulima wa kununua mboji. Yote mawili ni kazi za halmashauri. Sheria ndogo ya kutenga taka sokoni hupitishwa na Baraza la Madiwani. Maofisa ugani wanaozunguka kwa wakulima ni watumishi wa halmashauri. Bustani za shule na za hospitali ni za halmashauri. Mnunuzi wa kwanza wa mboji anaweza kuwa halmashauri yenyewe.

Tutazame upande wa pili, yaani gharama ya kutofanya. Jaa la Dar es Salaam lilikuwa Tabata. Wakazi wakavumilia moshi, harufu na nzi mpaka mwaka 1988 walipokwenda mahakamani kuishitaki Halmashauri ya Jiji. Mahakama Kuu iliamuru utupaji ukome. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alilikatalia, akasema kuhatarisha maisha ya watu kwa uchafu kunagusa haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Watu wa kawaida, wenye majirani na watoto wanaokohoa, waliishinda serikali yao kwa njia ya sheria. Tunawapongeza mpaka leo.

Lakini baada ya ushindi ule jaa lilifanya nini? Lilihamia Vingunguti. Kutoka Vingunguti likahamia Mtoni. Kutoka Mtoni likaenda Pugu Kinyamwezi. Kila lilipohama lilikuta watu wengine, na kwa kawaida watu wenye sauti ndogo kuliko wale lililowaacha. Huko Mtoni, jaa lilipofungwa, yalitandazwa mabomba ya kuvuta methani na kuichoma, ukawa mradi wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa katika utaratibu wa kimataifa wa kupunguza gesijoto uliotokana na Mkataba wa Kyoto. Ni afadhali kuichoma kuliko kuiachia, maana ikiungua hugeuka hewa ukaa ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Lakini hiyo ni dawa ya mwisho, baada ya ugonjwa kukomaa. Ganda lililoishia kwenye mboji halihitaji bomba.

Hapa imani yetu ina neno la kusema. Torati iliwaagiza Waisraeli jangwani wafukie uchafu wao nje ya kambi, kwa sababu Bwana hutembea katikati ya kambi. Wapo wanaodhani agizo hilo ni la usafi tu. Sisi tunaona pia swali: kambi inaishia wapi? Kama Mungu anatembea Upanga na Mikocheni, anatembea na Pugu Kinyamwezi. Anawakuta pale waokota taka wanaochambua chupa kwa mikono mitupu, wakivuta moshi wa mchana kutwa. Mji unaojiita msafi kwa sababu umehamishia uchafu wake kwa jirani haujajisafisha. Na tunapodai taka zitengwe, tunadai waokota taka hao wawe wa kwanza kuajiriwa katika kazi hiyo, wapewe glavu, buti na mikataba. Wamekuwa wakiifanya miaka yote bila kulipwa na halmashauri.

Sufuria za shule

Kutoka jaa tuingie jikoni. Halmashauri ina shule za sekondari za bweni, ina hospitali ya wilaya, ina shule za msingi zinazopika uji. Nenda nyuma ya jengo utakuta kibanda cheusi, mawe matatu au jiko la matofali, na mama mpishi anayefuta machozi ambayo hayana uhusiano na huzuni. Kuni zile zina safu yake kwenye bajeti.

Kwa hiyo halmashauri ikisema haina fedha ya nishati safi, ijibu kwanza kuhusu fedha inayonunua kuni. Serikali Kuu ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Tarehe hiyo imepita. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Serikali hiyohiyo imekuwa ikitaja kwamba watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka nchini kwa magonjwa yanayotokana na moshi wa jikoni. Kwa idadi hiyo, jiko la kuni ni suala la uhai wa watu kama ilivyo malaria, na halmashauri inayogawa vyandarua haiwezi kulipita.

Njia ni nyingi kuliko wanavyotuambia. Shule yenye ng'ombe au vyoo vingi inaweza kuwa na mtambo wa bayogesi. Shule yenye umeme wa uhakika inaweza kupikia maharage kwenye sufuria kubwa za umeme zinazopika kwa mvuke, na tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha umeme mwaka 2024, sehemu kubwa zaidi ya umeme wetu inatokana na maji. Pengine patafaa mkaa mbadala uliotengenezwa na kikundi cha vijana kwa mabaki ya mimea. Pengine itakuwa gesi ya mitungi. Tunajua gesi hiyo nayo hutoka ardhini na huongeza hewa ukaa, na hatuiiti suluhisho la mwisho. Lakini inaokoa msitu na mapafu ya mpishi leo, na shule isisubiri ukamilifu ili ianze.

Tunaongeza neno moja kwa halmashauri: anzeni na sufuria kubwa. Tumezoea kuona agizo likitoka na mgambo wakianza kwa mama lishe, jiko lake likipinduliwa na mkaa wake kumwagwa. Huo si utunzaji wa uumbaji. Mama lishe ananunua mkaa wa kopo kwa sababu pesa yake inapatikana kwa kopo. Halmashauri inayopikia wanafunzi 600 kwa magogo haina haki ya kumfundisha mtu anayechemsha sufuria moja ya wali. Ikishabadilisha majiko yake, imfikie mama huyu kwa mkopo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kisheria kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya kukusanya taka, vya kutengeneza mboji, vya majiko banifu vinaweza kusimama juu ya fedha hiyo. Hakuna mfadhili wa kungojewa.

Mkaa na ushuru wake

Mkaa unaopikia mijini unatoka mahali fulani. Katika matanuri yetu ya udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo 6 mpaka 10 za kuni. Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania hutumika Dar es Salaam, kwa hiyo jiji linakula misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga bila kuiona. Nako kwenye misitu, halmashauri ya wilaya hukusanya ushuru wa mazao ya misitu. Bajeti inanenepa mti unapoanguka. Tusishangae basi kwamba kizuizi cha barabarani kinahesabu magunia kwa bidii, na hakuna anayehesabu visiki.

Hata hapa kuna njia. Wilayani Kilosa vijiji vilivyopata misitu yao kisheria viligawa eneo la mkaa katika vipande vinavyovunwa kwa zamu, kipande kimoja kikipumzika miaka 24 kabla ya kuguswa tena, na ada ikabaki kijijini. Huko Katavi, Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika imeonyesha kwamba msitu uliosimama nao unaweza kuleta mapato: vijiji 8 vinalipwa kwa biashara ya kaboni kwa kulinda misitu yao, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Biashara ya kaboni ina maswali yake, na mojawapo ni kama anayenunua anaendelea kuchafua kwake. Hatuwauzii wachafuzi vyeti vya msamaha. Waprotestanti tunajua habari hizo zinaishia wapi. Lakini kijiji kinacholinda msitu kinastahili ujira, na halmashauri inayosimama upande wa msitu inastahili kuigwa.

Wanaosema tusijisumbue

Nehemia alikuwa na Sanbalati na Tobia. Sisi tuna watatu.

Wa kwanza anasema: Tanzania inatoa chini ya asilimia 1 ya gesijoto za dunia, waliochafua ni mataifa tajiri, wao ndio wasafishe. Nusu ya kwanza ya usemi huu ni kweli, na Kanisa liendelee kuisema kwa sauti kubwa mbele ya mataifa hayo. Wana deni kwetu. Lakini moshi wa Pugu hauvutwi Ulaya. Unavutwa Pugu. Kuni za shule haziwaumizi Wamarekani. Zinamuumiza mpishi wetu. Tunapolisafisha jaa na jiko hatulipi deni la tajiri, tunampenda jirani, na faida kwa anga ni nyongeza. Mwenye deni asipolipa, mdai haachi kufagia nyumba yake.

Wa pili anasema halmashauri haina fedha. Tumeshamjibu kuhusu kuni. Tumjibu pia kuhusu lori. Kila tani ya maganda inayobakizwa karibu na soko na kufanywa mboji ni tani isiyosafirishwa mpaka jaani, na dizeli yake inabaki. Tumwombe pia asome sura ya 5 ya Nehemia. Liwali yule alitawala miaka 12 bila kula posho ya chakula aliyostahili kwa cheo chake, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Hatumwambii mkurugenzi ajinyime mshahara. Tunasema tu kwamba baraza linaloweza kupata fedha ya shangingi jipya na safari za mafunzo linaweza kupata fedha ya mapipa mawili kila soko.

Wa tatu anatoka kwetu wenyewe, na huyo ndiye anayetusumbua zaidi. Anasema dunia hii inapita, kazi ya Kanisa ni kuokoa roho, taka ni za manispaa. Tumwulize: mitume walipoletewa lalamiko kwamba wajane fulani wanasahauliwa katika mgawo wa chakula, walijibu kwamba chakula si cha kiroho? Walichagua watu saba waliojaa Roho wakawakabidhi meza. Kazi ya meza ilihitaji watu wa Roho. Na Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza kabla ya dhambi kuingia, maana yake kutunza ni sehemu ya kuumbwa kwetu, si adhabu. Anayeombea mvua Jumapili na kukaa kimya Jumatatu baraza linapopitisha bajeti ya kuni, tunaiheshimu sala yake, lakini tunamkumbusha kwamba Nehemia aliomba na akaweka walinzi siku hiyohiyo.

Yupo na kundi jingine katika sura ile ya 3 ambalo halisemi kitu. Ni wakuu wa Tekoa. Watu wao walijenga, wao hawakuinamisha shingo zao kwenye kazi. Maandiko yanawataja kwa sentensi moja, kisha yanaendelea na walio kazini. Ndivyo watakavyoandikwa wanaokaa kwenye viti vya mbele vya ibada na vya baraza pia, na kuona taka hazilingani na heshima yao. Kwa upande mwingine, sura hiyohiyo inamtaja Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake, na inawataja wafua dhahabu na watengeneza manukato. Fikiri: mtengeneza manukato akibeba mawe. Kazi ya mji haikubagua jinsia wala ufundi, na haitabagua leo.

Tunachodai

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Bajeti ya halmashauri huanzia chini, kwenye mikutano ya mitaa na vijiji, hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha hufika kwenye Baraza la Madiwani. Kila ngazi ina kiti cha mwananchi. Kiti hicho mara nyingi kiko wazi kwa sababu mwenye nacho yuko mazoezi ya kwaya. Tunawapenda wanakwaya. Tunaomba mazoezi yasogezwe siku moja.

Kila usharika na uchague watu watatu, mmoja wao mama anayejua sokoni na mmoja kijana anayejua hesabu, wahudhurie mikutano hiyo na kumwuliza diwani maswali manne, wakiandika majibu. Halmashauri inazalisha taka tani ngapi kwa siku, na nani anazipima? Soko lipi litaanza kutenga taka mwaka huu, na mboji itakwenda shamba gani? Ni jiko la shule ipi litakaloacha kuni kabla ya mwaka wa fedha kwisha, na fedha iko kwenye kifungu gani? Asilimia 10 ya mikopo, vikundi vingapi vya taka na nishati vimepata? Diwani mwema atafurahi kuulizwa, maana maswali hayo yatampa nguvu mbele ya wataalamu. Diwani asiyefurahi ataulizwa tena robo mwaka ijayo. Yesu alimsifu mjane aliyemrudia kadhi mpaka akachoka kumkatalia.

Na maswali hayohayo yaulizwe kwenye halmashauri ya usharika, kwa shule zetu, hosteli zetu, vituo vyetu vya afya na karamu zetu za mavuno. Jiko la kanisa lina moshi uleule. Hatutamwambia mkurugenzi apime taka ikiwa mtunza hazina wetu hajui tunanunua kuni za shilingi ngapi.

Ukuta wa Yerusalemu ulikamilika kwa siku 52 kwa sababu kila mtu alijenga mbele ya nyumba yake. Malkiya hakungoja malango mazuri yaishe ndipo achukue la jaa, wala hakusema Uajemi ndiyo ilete mafundi. Mkutano wa mtaa wenu utabandikwa kwenye mbao za matangazo, labda wiki hii. Someni tarehe, mwende.